Vitabu Vilifungiwa Ofisini: Korona, Mtoto wa Mjini na Mtoto wa Unyambwa

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama, mhasibu mkazi wa Dar es Salaam, katika mkutano wetu wa mwaka kabla ya harambee)

Nimepewa dakika ishirini kabla ya harambee kuanza, na Mwenyekiti ameshanionya kwamba sisi wahasibu tukishika kipaza sauti tunasoma tarakimu mpaka pilau inapoa. Nitajitahidi. Lakini tarakimu chache ni lazima, kwa sababu jambo lililo mbele yetu ni la fedha. Mwaka huu kamati imepokea mapendekezo mawili ya elimu, na fedha tunazotarajia zinatosha moja. La kwanza ni chumba cha kompyuta. La pili ni vitabu, taa za sola na redio. Nimewasikia wengi wenu mkisema la kwanza ndilo la kisasa. Mimi nimekuja kutetea la pili, na ushahidi wangu ni mwaka 2020.

Tukumbushane. Mgonjwa wa kwanza wa korona hapa nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na alikuwa Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule zote, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, na vyuo vikafuata. Tuliambiwa siku thelathini. Siku zikaongezwa. Kidato cha sita na wanavyuo wakarudi tarehe 1 Juni, wengine wote tarehe 29 Juni. Nimekaa na kalenda nikahesabu: kuanzia 17 Machi mpaka siku ile ya kurudi ni siku 104, na ndani yake zimo siku 74 za Jumatatu hadi Ijumaa. Ukitoa sikukuu na likizo ambazo zingekuwapo hata bila korona, zinapungua. Lakini mkumbuke mwaka mzima wa masomo wa shule zetu una siku 194 tu.

Ukitazama majirani, utasema tulisamehewa. Kenya walifunga Machi 2020, wakarudisha madarasa machache tarehe 12 Oktoba, na shule nzima nzima mpaka tarehe 4 Januari 2021. Uganda walifunga Machi 2020, wakaruhusu baadhi ya madarasa, wakafunga tena, na shule hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza kule alikaa nyumbani karibu miaka miwili. Sisi ni miezi mitatu na ushee. Kwa sababu hiyo watu wengi wanaona jambo hili limekwisha, halina haja ya kuzungumzwa. Mimi naona halijakwisha, kwa sababu miezi ile mitatu haikuwa sawa kwa watoto wetu wote, na kile kilichofanya isiwe sawa bado kipo vilevile leo hii.

Nianze na nyumbani kwangu, Dar es Salaam. Shule ya binafsi wanayosoma watoto wangu, ambayo sitaitaja, ilianza kutuma kazi kwa WhatsApp wiki ya pili. Bili ya ada nayo ikaja kwa WhatsApp hiyohiyo. Nyumbani tulikuwa na simu janja mbili, yangu na ya mama watoto, na bando lilikwenda kama maji. Lakini nataka niseme ukweli kuhusu kilichowasaidia wanangu, maana wengi wanadhani ni simu. Simu ilileta maswali. Majibu yalitoka kwenye vitabu vilivyokuwa rafuni, na yalisahihishwa na kijana wa jirani, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyerudishwa nyumbani chuo kilipofungwa. Tulimlipa kidogo, akawa anakuja mara tatu kwa wiki na barakoa yake. Kitabu kikikosekana, nilipita dukani nikitoka kazini. Vitabu, mtu mzima mwenye muda, na duka la vitabu lililo wazi. Hayo matatu ndiyo yaliyokuwa shule yetu ya muda.

Sasa twende Unyambwa. Mwezi wa sita mwaka ule nilikwenda nyumbani, na nilifikia kwa dada yangu. Ana mtoto aliyekuwa darasa la sita na mwingine kidato cha pili. Mimi kazi yangu ni kukagua daftari, na nikikagua huwa natafuta kwanza tarehe ya ingizo la mwisho. Nikamwomba yule wa darasa la sita aniletee madaftari yake. La hesabu liliishia tarehe 16 Machi. La sayansi, 16 Machi. La Kiswahili lilikuwa na ukurasa mmoja zaidi, insha aliyojiandikia mwenyewe kuhusu mbuzi waliopotea, na ilikuwa nzuri. Baada ya hapo kurasa nyeupe.

Nikamuuliza, “Kitabu chako cha hesabu kiko wapi, mjomba?” Akanijibu kama vile nimeuliza swali la ajabu: “Kiko shule.” Kiko shule wapi? “Ofisini kwa mwalimu mkuu.”

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Lengo la serikali ni kitabu kimoja kwa kila mwanafunzi, na vitabu vya Taasisi ya Elimu vimekuwa vikifika kwenye shule zetu, pungufu au kamili. Lakini vitabu hivyo vinakaa shuleni. Watoto wanagawiwa asubuhi, wawili au watatu kitabu kimoja, jioni vinakusanywa na kufungiwa. Shule ilipofungwa tarehe 17 Machi, vitabu vilikuwa ndani. Walimu wengi si wenyeji wa kwetu, wana makwao, na wengine waliondoka. Ufunguo ukaondoka nao.

Msiharakishe kuwalaumu. Nimezungumza na mwalimu mkuu mmoja kwa kirefu, na hoja yake naielewa kuliko wengi humu ndani. Kitabu cha shule ni mali ya serikali. Kimeandikwa kwenye leja ya stoo. Mkaguzi akija akakuta leja inasema mia mbili na rafu ina mia na themanini, mwalimu mkuu ndiye atakayeulizwa ishirini viko wapi. Akimkabidhi mtoto wa darasa la tatu kitabu aende nacho nyumbani, kikanyeshewa, kikaliwa na mchwa, ama mdogo wake akachana karatasi za kuwashia moto, nani atalipa? Mwalimu anafanya kile ambacho mtunza stoo yeyote mwenye akili angefanya. Anafunga. Vitabu vinabaki salama na mtoto anabaki hana kitabu.

Wapo watakaosema, lakini serikali ilirusha vipindi vya masomo redioni na kwenye televisheni. Ni kweli. TBC walirusha, na Taasisi ya Elimu iliweka vitabu mtandaoni ili watu wavisome bure. Ilikuwa kazi nzuri na imefanywa haraka. Kwa dada yangu redio ilikuwapo. Betri zilitunzwa kwa taarifa ya habari ya usiku, maana kila mtu alitaka kujua korona imefika wapi na kama kujifukiza kunasaidia. Ratiba ya vipindi hakuna aliyekuwa nayo. Na saa za mchana ambazo vipindi vingi vilirushwa, mtoto alikuwa shambani.

Hilo la shambani wenzetu wa mjini hawalijui, lakini wazee hapa mnalijua. Machi mpaka Mei kwetu ni wakati ambao mtama na uwele vinakomaa, na kwelea kwelea wanateremka kwa maelfu. Kila nyumba inahitaji mtu wa kuamia ndege kuanzia alfajiri mpaka jua linazama. Mwaka wa kawaida kuna mvutano kati ya shule na shamba, na shule inashinda angalau nusu ya siku kwa sababu mwalimu anaita majina. Mwaka 2020 hapakuwa na anayeita majina. Baadaye ikaja alizeti ya kuvuna, ya kupiga, ya kupakia. Dada yangu hakumwonea mwanawe. Chakula cha mwaka kilikuwa pale shambani, na shule ilikuwa imefungwa kwa amri ya serikali. Ungekuwa wewe ungemfungia mtoto ndani asome nini?

Wakati huohuo, jambo linalonisumbua kila nikilikumbuka, wanachuo wetu wenyewe walikuwa nyumbani. Watoto wa Unyambwa wanaosoma Dodoma, Dar es Salaam na Morogoro walirudishwa Machi kama wengine. Kijana kama yule aliyewafundisha wanangu kwa malipo alikuwapo kila kona ya kata yetu. Hakuna aliyewapanga na hakuna aliyekuwa na orodha yao. Na hata wangepangwa, wangefundishia nini, wakati vitabu viko ofisini?

Niseme pia, ili nisieleweke vibaya, kwamba mjini nako hawakuwa wote kama wanangu. Nenda Tandale, nenda Mbagala, familia ya watu sita kwenye chumba kimoja, simu ni kiswaswadu, shule ya msingi ina watoto mia moja na zaidi darasani. Watoto wale nao walikaa miezi mitatu bila mtu wa kuwapa kazi. Tofauti ninayoizungumzia si ya lami na vumbi peke yake. Lakini mtoto wa Mbagala ana jambo moja ambalo mtoto wetu hana: akitembea nusu saa atakutana na mwalimu wa tuisheni wa bei ya chini, atakutana na muuza vitabu vya mtumba kando ya barabara, atakutana na mwenzake wa shule nyingine mwenye kitabu anachoweza kuazima. Kwetu shule ndiyo mahali pekee penye kitabu. Ikifungwa, vimefungwa vyote.

Na hapa kuna kichekesho kidogo. Kwenye makaratasi sisi ni watu wa mjini. Kata ya Unyambwa iko ndani ya Manispaa ya Singida. Mtu wa takwimu akiandika ripoti ya wanafunzi wa mjini na wa vijijini, akiwa hajafika kwetu akaona mashamba na ng'ombe, anaweza kumweka mpwa wangu kwenye safu moja na mwanangu. Mfadhili akisoma ripoti hiyo atapeleka msaada wa vijijini wilaya nyingine. Kwa hiyo tusisubiri kuhesabiwa vizuri na watu wengine.

Shule zilipofunguliwa, masomo yaliongezewa muda kila siku ili kufidia. Mtihani wa darasa la saba ukafanyika Oktoba, na karatasi ilikuwa ileile nchi nzima. Aliyekuwa na mwalimu wa jirani na aliyekuwa akiamia ndege walijibu maswali yaleyale siku ileile. Kidato cha sita ndio waliobanwa zaidi: walirudi tarehe 1 Juni na kuanza mtihani wa taifa tarehe 29 Juni. Wiki nne.

Kuhusu mabinti nitasema kwa ufupi, maana wengine hapa yamewagusa nyumbani mwao. Miezi mitatu binti akiwa hana shule, kazi zote za nyumbani zikawa zake, na safari za kisimani na gulioni zikaongezeka. Wapo ambao hawakurudi Juni 29, na sote tunajua kwa nini. Wakati ule binti aliyepata ujauzito alifukuzwa shule ya serikali na hakuwa na mlango rasmi wa kurudia. Mlango huo ulifunguliwa tarehe 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu wa wakati ule, Profesa Joyce Ndalichako, alipotangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wanaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi. Wa mwaka 2020 walikuwa wameshakaa mwaka mzima na zaidi. Kama tunamjua binti wa aina hiyo, bado hajachelewa, na chama hiki kingefanya vizuri kumbebea gharama za sare na daftari bila kumwuliza maswali ya kumwaibisha.

Sasa nirudi kwenye fedha. Wazee waliozidi miaka sitini wanakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Nchi nzima watu walikaa vikundi kusikiliza kipindi cha redio, kikundi kikiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kijitabu cha kufuata. Walioshiriki walifika kama milioni mbili, wakati ambapo redio zenyewe zilikuwa za kuhesabika. Wakimaliza kusikiliza wanajadili, kisha wanakwenda kuchimba vyoo. Redio peke yake isingefanya hivyo. Kulikuwa na kijitabu mkononi, na kulikuwa na mtu mmoja anayejulikana ambaye kazi yake ni kuwakusanya watu saa ya kipindi. Miaka 47 baadaye tulikuwa na redio nyingi kuliko wakati ule, na tukakosa hivyo viwili. Sierra Leone nao walifundisha watoto kwa redio shule zilipofungwa kwa ajili ya Ebola mwaka 2014, kwa hiyo si jambo la kale tu.

Pendekezo la pili limejengwa juu ya hilo. Sehemu ya kwanza, na kwangu ndiyo kubwa, ni mfuko wa dhamana ya vitabu. Chama kinaandikiana na kamati ya kila shule kwenye kata yetu: mtoto aruhusiwe kwenda na kitabu nyumbani, mzazi anasaini hati ya kupokea, na kitabu kikipotea au kuharibika, chama kinanunua kingine ndani ya mwezi mmoja. Mwalimu mkuu anabaki na leja yake iliyokamilika na mkaguzi haendi kumsumbua. Tuseme shule ina vitabu 400 vya kuazimisha na kimoja katika kila kumi kikapotea kwa mwaka. Hiyo ni kununua vitabu 40. Hatununui 400. Shilingi zetu chache zinatoa vitabu mia nne nje ya kabati. Katika miaka yangu ya kazi sijaona matumizi mengi yenye faida ya namna hiyo.

Sehemu ya pili ni taa ya sola na redio moja kwa kila nyumba kumi, zikae kwa balozi au kwa mama atakayechaguliwa na wenzake, watoto wakusanyike hapo jioni. Jioni, ndugu zangu, si mchana, kwa sababu ya ndege. Hata pasipo na kipindi cha redio, taa yenyewe na vitabu vinatosha. Sehemu ya tatu haina gharama: orodha ya wanavyuo na wahitimu wetu walio nyumbani, kila mtaa na majina yake, ikae kwa katibu na ihuishwe kila Desemba.

Kuhusu kompyuta, sina ugomvi nazo. Nimezitumia tangu nianze kazi na zimenilisha. Nauliza swali moja tu la kikaguzi: siku shule ikifungwa, kompyuta hizo zitakuwa wapi? Zitakuwa kwenye chumba chenye nondo madirishani na kufuli mbili, kwa sababu ni ghali kuliko vitabu na mwalimu mkuu ataziogopa zaidi. Tukimaliza kuvitoa vitabu, na tukaona hati zinasainiwa na kurudi, mwakani nitasimama hapa kuchangia kompyuta na mtanisikia nikipandisha dau.

Na shule hufungwa. Hufungwa kila Juni na kila Desemba hata kama hakuna ugonjwa, na likizo zote hizo vitabu vinalala ofisini. Magonjwa nayo hayajatuaga. Kagera walipata Marburg mwaka 2023, wakapata tena Januari 2025, mara zote mbili ikadhibitiwa. Siwatishi. Nasema mfuko huu utafanya kazi mwaka huu huu, bila kungoja balaa lolote.

Mpwa wangu yule, kwa wanaotaka kujua, alifanya mtihani wake wa darasa la saba mwaka 2021 na yuko sekondari. Alifaulu kwa alama za chini katika hesabu, za juu katika Kiswahili. Dada yangu anasema ni mbuzi waliomsaidia.

Mwenyekiti, dakika zangu zimekwisha. Fomu za ahadi ziko kwenye meza ya mlangoni, zina visanduku viwili, kila mtu atie alama kwa pendekezo analolitaka, na kura itahesabiwa hadharani kabla ya chakula. Fedha taslimu zitapokelewa na watu wawili kwa pamoja, na hesabu za mwaka jana zimechapishwa kurasa za mwisho za kijarida hiki. Atakayetoa asiondoke bila stakabadhi, hata kama ni elfu tano.